Chupa ya Baba Kila Ijumaa

Ninyi mnaosoma, mnisamehe kabla hamjafika mbali. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia, si jinsi kitabu kinavyotaka. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la tano, nikaacha nikiwa na miaka kumi na sita, Mama alipojifungua mapacha. Ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi nzima, na wino unanifika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Lakini mdomo wangu ni mzito mbele ya watu, na karatasi hainitazami usoni, ndiyo sababu naandika.

Baba yangu ni sajini wa polisi hapa Gisenyi. Ndani ya nyumba tulisema Kinyarwanda. Nje, kambini, polisi walikuwa wametoka kila upande, wengine Bukavu, wengine Usumbura, wengine kwenye vilima vyetu hivi, kwa hiyo mambo yote yalisemwa Kiswahili, hata matusi.

Katika kambi yetu tumbo lilikuwa cheo. Polisi mpya alifika amekonda, kaptura yake ya kaki ikimzunguka mapajani kama kengele. Akila posho ya serikali, mchele, mafuta ya mawese, samaki wa chumvi na sukari, baada ya mwaka mmoja au miwili kaptura inajaa. Akipanda kuwa kaporali anaenda kwa fundi cherehani wa mjini, Mwislamu mmoja mcheshi, amwongezee kipande cha kitambaa nyuma ya kiuno. Kitambaa kipya kilikuwa hakijapauka, kwa hiyo kilionekana kama ukanda mweusi. Baba alikuwa na vipande viwili. Sisi watoto tulikijua cheo cha mtu tukiwa nyuma yake, kabla hajageuka tukaona alama za mkononi. Nakiri kwamba nilijivunia sana vipande vile viwili. Na Mama alijivunia kuliko mimi, maana wake wa kambi walipokutana bombani walikuwa wakitaniana: “Wa kwako bado anafunga mkanda tundu la pili? Unamupikia mawe?”

Mwaka nilipotimiza kumi na saba, Baba alianza kunywa maji. Alikunywa jagi zima akiwa amesimama, akaomba jingine. Mara tatu au nne kila usiku nilisikia mlango ukilia, anatoka, anarudi. Mama alisema ni joto la mafuta.  Baba alikuwa mtu wa kupiga pasi mashati yake mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kuchelewa gwaride hata siku moja, na mtu wa namna hiyo hasemi kwamba mwili unamsumbua.

Kisha ikaja asubuhi ya bendera. Kila asubuhi bendera ilipandishwa mbele ya ofisi, tarumbeta ikilia, polisi wote wakiwa gardavu, visigino pamoja, hakuna anayepepesa jicho. Bwana mkubwa wa teritwari, Mzungu aliyetawala wilaya yetu, alisimama kwenye ngazi. Nilikuwa napita na kikapu cha mboga, nikasimama kama inavyotakiwa. Bendera ilikuwa imefika katikati ya mlingoti. Baba akatoka kwenye mstari. Alitembea haraka, kisha akakimbia, sajini mwenye bunduki begani, mpaka nyuma ya miti ya ofisi. Tarumbeta iliendelea kulia. Kwenye mstari wa nyuma kuruta mmoja alicheka, na kicheko kikapita kwa wenzake kama moto kwenye majani.

Bwana mkubwa hakupiga kelele. Alimwita Baba ofisini, wakazungumza kidogo, akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali. Mkataba wa Baba ulikuwa karibu kuandikwa upya kwa miaka mitatu, ile ya mwisho kabla ya kustaafu. Akikataliwa tungeondoka kambini. Tungerudi Nyakiriba, ambako shamba la babu lilikuwa limeshagawanywa na baba zetu wadogo, na ambako watu wangesema sajini amefukuzwa kwa sababu alikojoa wakati wa bendera.

Mama alikuwa na mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, kwa hiyo niliyekwenda na Baba hospitali ni mimi. Daktari alikuwa Mzungu, msemaji wa Kifaransa tu. Aliyetafsiri alikuwa msaidizi wake, mtu mwembamba wa Bukavu mwenye koti jeupe. Msaidizi alimpa Baba chupa ndogo akamwonyesha mlango. Baba aliporudi na chupa imejaa, hakunitazama.

Msaidizi alikuwa na kijibomba cha kioo chenye maji ya buluu, buluu nzuri sana, kama ziwa mwezi wa saba. Akadondoshea matone machache ya ile chupa, akashika kijibomba juu ya taa ya spiriti. Maji yalichemka. Yakawa kijani, yakawa manjano, na kabla sijafikiri chochote yakawa mekundu, rangi ya tofali.

“Sajini,” msaidizi alisema, “hii ni sukari. Mwili yako inakojoa sukari.”

“Nani ameniwekea?” Baba aliuliza.

“Hakuna mutu. Ni we mwenyewe. Na mafuta, na pombe ya urwagwa, na kukaa pale mlangoni kwenye kiti tangu asubui.”

Daktari alisema maneno mengi na msaidizi akayafupisha. Miezi mitatu. Kila Ijumaa chupa ije, ya mkojo wa asubuhi. Mwisho wa miezi mitatu maji yakibaki mekundu, daktari hawezi kuandika kwamba mtu huyu anafaa kazi. Dawa ya sindano ilikuwepo mbali, lakini kwanza ijaribiwe sufuria. Akatoa karatasi ya vyakula, kwa Kifaransa.

Nikaomba kuinakili. Hapo ndipo uzito wa mkono wangu ulipotusaidia. Kwa kuwa naandika polepole, nilikuwa na nafasi ya kuuliza kila neno, na msaidizi hakukasirika. Vitu vingine havikuwepo kwetu kabisa, majani ya Ulaya na samaki wa Ulaya. Tulivikata. Vilivyobaki ni hivi: sukari hapana, pombe hapana, ndizi mbivu hapana, kiazi kitamu kisizidi ngumi yangu (si ngumi ya Baba), mafuta kijiko kimoja, mboga za majani, maharage kwa kiasi na samaki wa ziwani, ndiyo. Na kutembea. Tulipotoka nje Baba alisema, “Mwanangu, mtu asijue.” Nikasema ndiyo, Baba.

Asubuhi iliyofuata alimwomba mkubwa wake amtoe kwenye kiti cha mlangoni, ampe mazoezi ya kuruta. Kuanzia siku hiyo aliwatembeza kando ya ziwa mpaka mpakani na kurudi, yeye mbele. Wale waliocheka kwenye bendera walirudi wakihema, ndimi nje. Baba alirudi shati limelowa, akaja kukaa mezani, na mimi nikamwekea sahani yenye mboga nyingi na kiazi kimoja. Aliitazama sahani kama anavyomtazama kuruta ambaye hakufunga vifungo.

“Hii ndiyo yote?”

“Ndiyo, Baba.”

“Wengine wako likizo?”

Hakuwa mtu wa utani sana, kwa hiyo utani huo niliuhifadhi.

Ijumaa ya kwanza, nyekundu. Ya pili, nyekundu. Ya tatu vilevile. Msaidizi aliniuliza kama nafuata karatasi, nikaapa. Nilirudi nikilia njiani, nikijifunika na kitenge. Baba alikuwa amekonda tayari, anatembea kila siku, halalamiki, na maji yanakataa kubadilika. Jioni nikamwona Mama akikoroga uji wa Baba. Alichukua kibuyu kidogo kutoka nyuma ya mtungi, akamimina asali, ndefu, ya dhahabu.

“Mama! Sukari!”

“Sukari iko wapi? Sukari ni ya duka. Hii ni asali, inatoka kwa nyuki.” Akalamba kidole. “Unataka wanawake waseme namwua mume wangu kwa njaa? Jana mke wa yule kaporali aliye chini ya Baba yako ameniuliza kama tumeuza posho.”

Nilimshika mkono. Sikuwahi kumshika Mama mkono hivyo. Nikamwambia habari ya tofali na ya mkataba, maana Baba alikuwa amemficha yote akimwambia ni tumbo tu linalokataa sukari na mafuta. Mama alikaa chini na kibuyu mapajani, akakiziba kwa nguvu. Halafu akauliza, “Na maharage nayo yana kiasi gani?” Tangu jioni hiyo tukawa wawili. Siku za soko alipanda lori mpaka Mahoko kununua kabichi na nyanya chungu, mapacha wakiwa naye, na hakuna aliyempunja.

Ijumaa ya nne maji yaliishia kwenye rangi ya chungwa. Ya sita, manjano. Msaidizi aliinua kijibomba dirishani akapiga mluzi.

Sasa niseme habari ya kuibeba ile chupa, maana ndiyo iliyonitesa. Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi, ya rangi ya kahawia. Niliifunga kwa jani la mgomba nikaiweka katikati ya kikapu. Kutoka kambini mpaka hospitali kuna barabara moja tu, na kila Ijumaa asubuhi nilipita mbele ya macho yote ya kambi, chupa ikinong'ona ndani ya kikapu. Mtu akinisalimia, nilijibu nikitazama miguu yangu.

“Binti Sajini, umebeba nini leo?”

“Hakuna kitu.”

“Hakuna kitu kila Ijumaa kwa daktari! Bon.”

Sikujua kambi inafikiri nini. Nilikuja kujua baadaye. Walikuwa wamekubaliana kwamba Sajini amevunja adabu kwenye bendera, mkataba wake uko hatarini, basi kila wiki anamtumia daktari asali, ili daktari aandike vizuri. Na wengine walisema ni urwagwa, pombe yetu ya ndizi, iliyo safi, ya kuchujwa mara mbili. Baba, ambaye hakuwahi kupokea hata kuku wa mtu! Alihisi kitu, nadhani. Wenzake walinyamaza akifika. Lakini alidhani wanamcheka kwa sababu ya kukonda, maana fundi cherehani alikuwa ameshatoa kipande kimoja cha kitambaa nyuma ya kaptura, na kwa mtu anayepita ilionekana kama Sajini ameshushwa cheo.

Zilibaki wiki tatu, mke wa kaporali akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya nane ni siku ya kumpa mtoto jina, na kaporali alikuwa chini ya Baba kazini. Sherehe nyingine Baba alizikwepa kwa kujipangia zamu. Hii haikukwepeka. Tulikwenda wote. Ilikuwa Jumapili mchana, uani kwa kaporali, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, sisi wasichana tukigawa maharage na nyama ya mbuzi.

Kaporali alileta kibuyu kikubwa chenye mrija. Kwetu mwenye pombe huionja yeye kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni aone haina sumu. Kaporali akavuta mrija, akameza, akamnyooshea Baba kwa mikono miwili.

“Sajini, mukubwa wangu, karibu.”

Baba alisema, “Asante. Leo sinywi.”

Vichwa vyote vikageuka. Mimi nilikuwa na sinia mkononi. Mnaoishi mbali pengine hamjui: mtu akishaonja mbele yako na wewe ukakataa, unasema mbele ya wote kwamba bado unamwogopa, kwamba sumu iko chini ya kucha yake.

Kaporali alicheka kidogo. Akavuta mrija mara ya pili, mara ndefu, akafuta mdomo. “Naona Sajini hakuona vizuri. Iko safi. Karibu.”

“Nimeona. Mi sinywi tu, ndugu yangu.”

“Yewe!” Kaporali aligeuka kwa watu, na sauti yake haikuwa ya sherehe tena. “Donc, basi, daktari Muzungu anakunywa ya Sajini kila Ijumaa, lakini Sajini hawezi kunywa ya kwangu? Siku ya mutoto wangu?”

Watu wakaguna. Baba alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Nikaona shingo yake ikijaa, na nikaona mkono wake wa kulia ukiinuka kutoka kwenye goti, ukienda kwenye kibuyu. Angekunywa. Angekunywa kile kibuyu chote ili kuzima neno lile, na wiki kumi zingekwenda na maji.

Sijui nani aliweka sinia chini. Nilijikuta katikati ya viti vya wanaume, kitu ambacho msichana hafanyi.

“Kaporali,” nilisema. “Daktari hanywi.”

“Nini?”

“Ile chupa. Daktari hainywi. Ni mkojo wa Baba.”

 Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikisimama sitaanza tena. “Baba ana sukari kwenye mkojo. Ndiyo sababu alikimbia kwenye bendera. Daktari amekataza pombe, na karatasi ninayo mimi, na chakula napika mimi na Mama. Haogopi mkono wako, Kaporali. Anaogopa mkono wangu.”

Aliyeanza kucheka ni mke wa kaporali, mzazi mwenyewe, mlangoni, mtoto akinyonya. “Mukojo!” alisema. “Na mi nilitaka kumuomba anipimie kidogo!” Basi uwanja mzima ukapasuka. Watu walishika matumbo yao, na matumbo hayakuwa madogo. Mmoja alipiga kelele, “Sajini iko na komanda mupya! Amevaa kitenge!”

Nilisubiri Baba anifukuze. Nilikuwa nimetoa siri yake mbele ya kambi nzima, mbele ya kuruta wake. Baba akasimama. Akavuta shati likanyooka, akaleta visigino pamoja, gardavu kamili, akanipigia saluti. Hakuifanya kama mchezo, aliipiga ile ya asubuhi, ya bendera, vidole vyote vikiwa sawa. Kicheko kilikatika, kisha kikarudi kikiwa namna nyingine, na makofi yakipigwa.

Kaporali alikuwa bado ameshika kibuyu. Alikiweka chini. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Akaonja maji yale yeye kwanza, mbele ya watu wote, akamnyooshea Baba kwa mikono miwili. Baba akanywa mpaka mwisho. Hawakuombana msamaha, na hapakuwa na haja.

Siku ya daktari ilipofika Baba alivaa sare ambayo haikuwa na kipande hata kimoja nyuma. Mama alikuja pia, na mapacha. Msaidizi akawasha taa. Maji ya buluu yakachemka, yakawa kijani, kijani cha jani jipya la maharage. Nikasubiri yaendelee kwenye manjano. Hayakuendelea. Msaidizi alishikilia juu ya moto muda mrefu kuliko siku zote, kwa ajili yangu, nadhani, akamwonyesha daktari. Si buluu, daktari alisema, na buluu pengine hatutaiona. Lakini mtu huyu anaweza kusimama mpaka bendera ifike juu. Akaandika kwamba anafaa, kwa sharti kwamba asirudishwe kwenye kiti, na chupa ije kila mwezi. Baba alisema “Asante, Daktari” kwa Kifaransa chake kibovu, na tulipofika barabarani alichukua kikapu akakibeba yeye mwenyewe, sajini mwenye sare na kikapu cha mwanamke, tukapita mbele ya kambi nzima mpaka nyumbani.

Bado yuko kazini leo. Kuruta anaowafundisha wanalalamika miguu. Wiki mbili baada ya siku ile kaporali alikuja uani kwetu, akakohoa, akazungumza habari ya mvua, akatoa chupa kutoka chini ya koti. Baadaye wakaja wengine wawili. Chupa ya kaporali ilitoa chungwa, ya mmoja haikuwa na kitu, ya mwingine ilitoa tofali lenyewe; huyo wa tofali alicheka, akaikataa karatasi, akasema yeye si mgonjwa, ni mwenye afya, tazameni tumbo langu. Mwaka huu wamemkata kidole cha mguu. Nilikwenda kumwona, nikamnakilia karatasi. Safari hii ameipokea.

Lakini karatasi yenyewe haitoshi, na hapo nahitaji msaada wenu. Ile ya daktari iliandikwa kwa watu wanaokula vitu ambavyo sijawahi kuviona, na mimi nimejaza nafasi kwa kubahatisha, sahani baada ya sahani. Sijui kama muhogo mchungu ni sawa na kiazi. Sijui mtama. Sijui wale wanaoishi kwenye kambi za Bukavu, Astrida au Usumbura wanawapikia nini waume na baba zao, na chupa zao zinatoa rangi gani. Kama kwenu kuna polisi au askari anayekunywa maji namna hiyo, niandikieni, mnitumie kupitia hapa hapa mliposoma maneno haya. Semeni mlipika nini na maji yakawa rangi gani. Mwandiko mbaya si kitu, mmeuona wangu. Nitajibu kila barua, ila mnivumilie, naandika polepole.